Shahada Yako Ingefanya Nini na Ndoo Hii ya Maji?

Miaka sita iliyopita, nikiwa mwaka wa mwisho wa shahada ya kwanza, nilipita nyumba kwa nyumba hapa Kata ya Sokon I, Arusha, nikiomba maji. Siyo ya kunywa. Nilikuwa na chupa ndogo za plastiki, maka peni na daftari la kuandikia namba za sampuli. Mada yangu ilikuwa floraidi kwenye maji ya visima vya majumbani. Mama mmoja mwenye kisima uani na vyumba vya kupangisha alinijazia chupa, akanikaribisha chai, akanionesha mjukuu wake wa mwaka mmoja na nusu, halafu akaniuliza: "Sasa mwanangu, ukishapima utarudi kuniambia?"

Nikasema nitarudi, mama. Sikurudi.

Nilipima, nikapata majibu, nikaandika tasnifu ya kurasa sitini na kitu kwa Kiingereza, nikapata alama nzuri, ikawekewa jalada gumu, ikaingia kabatini. Chuo nilichosoma sikitaji, maana jambo lenyewe si la chuo kimoja. Waulize wenzako waliomaliza kozi za sayansi, wengi watakuambia hivyohivyo. Kwenye mtaala niliousoma mimi hapakuwa na mahali palipoandikwa kwamba utafiti unaisha pale mwenye kisima anapopata jibu. Unaisha msimamizi akishasaini.

Kwa hiyo hii makala ichukue kama uhakiki. Watu wanahakiki riwaya, wanahakiki filamu na muziki. Mimi nataka kuhakiki shahada za afya, mazingira na sayansi asilia tunazozisomea na tunazowashauri wadogo zetu waziombe, na kipimo changu ni ndoo moja ya maji ya yule mama.

Kwanza ujue ndani ya ndoo kuna nini.

Mlima Meru uko kaskazini yetu hapa, mita 4,566, na ni volkano iliyolipuka kidogo mara ya mwisho mwaka 1910. Miamba yake ni ya aina ya alkali, yenye floraidi nyingi. Mvua ikinyesha, maji yakashuka kupitia kwenye miamba na majivu hayo ya zamani, yanaibeba. Sehemu nyingine duniani floraidi haifiki mbali kwa sababu inakutana na kalsiamu: hizo mbili zikishikana zinatengeneza madini ya fluoraiti, ambayo hayayeyuki kirahisi, basi yanabaki ardhini. Maji ya huku yana sodiamu nyingi na kalsiamu kidogo. Wa kuishika floraidi njiani hayupo, nayo inateremka hadi kisimani.

Hili si jambo jipya. Mwaka 1984 Nanyaro, Aswathanarayana na wenzao walichapisha utafiti wa jiokemia kuhusu maji ya eneo hili la kaskazini. Kwenye mito walikuta miligramu 12 hadi 76 za floraidi kwa lita, kwenye chemchemi 15 hadi 63, na kwenye mabwawa na maziwa ya magadi 60 hadi 690. Kiwango kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani kwa maji ya kunywa ni 1.5. Sisi wenyewe, kwa kuona ukubwa wa tatizo na uhaba wa maji, tuliwahi kuwa na kiwango cha muda cha 8 kwa maji ya vijijini, tangu 1974, na baadaye kwa miaka mingi tukaishi na 4, kabla ya kushuka kwenye 1.5. Sikulaumu aliyeweka 8. Ukiwa na kijiji ambacho mbadala wa chemchemi ni dimbwi la kunyweshea ng'ombe, kipindupindu kinaua wiki hii na floraidi inasubiri miaka. Ila nataka uone kwamba hapo tayari kuna uamuzi uliochanganya kemia, tiba na uhandisi, na mtu mmoja alitakiwa kuuelewa wote kwa pamoja.

Sasa jino. Madoa ya kahawia tunayoyaita meno ya Arusha, yale wanayotutania nayo wenzetu tukifika vyuoni Dar na Dodoma, hayatokani na uchafu wala uvivu wa kupiga mswaki. Floraidi ikizidi wakati jino linajengwa ndani ya ufizi, enameli haikomai vizuri, inabaki na vinyweleo. Jino linaota likiwa na weupe wa chaki, kisha rangi ya kahawia inaingia taratibu baadaye. Ikizidi sana, enameli inamomonyoka. Na neno la kushika hapa ni wakati. Meno ya mbele ya kudumu, yale yanayoonekana ukicheka, enameli yake inajengwa miaka minne mitano ya mwanzo wa maisha. Meno mengine yanaendelea hadi kama miaka minane. Mtu mzima akihamia Arusha leo akanywa maji haya, meno yake hayatabadilika. Mtoto wa mwaka mmoja na nusu ndiye mwenye hatari.

Na kuchemsha hakusaidii. Narudia kwa sababu hata wasomi wanakosea: kuchemsha kunaua vijidudu, hakuondoi floraidi. Chemsha lita kumi zenye miligramu 2 kwa lita, moja ikiondoka na mvuke, unabaki na lita tisa zenye 2.2 na kidogo. Umeiongeza.

Haya, tuite wahitimu waje uani.

Anakuja wa jiolojia. Anaujua mlima vizuri, anajua mwamba gani umetoa nini, anaweza kukuambia wapi pa kuchimba na wapi pa kuacha. Muulize mtoto anaruhusiwa kunywa kiasi gani, anakutazama. Anakuja wa kemia. Anapima vizuri kuliko wote, anakupa namba yenye desimali mbili, na anaweza kukuelezea kwa nini mifupa ya ng'ombe iliyochomwa inanasa floraidi. Muulize mama ataipata wapi hiyo mifupa na nani atambadilishia ikichoka. Anakuja mhandisi wa mazingira. Huyu anachora mtambo, ila mtambo wake wa darasani ni wa watu elfu hamsini, siyo wa ndoo. Anakuja wa afya ya mazingira, ambaye kwa kweli ndiye aliye karibu na mama kuliko wote, kwa sababu ndiye atakuwa Afisa Afya wa Kata. Amefundishwa vyoo, taka, masoko, machinjio, bakteria kwenye maji. Kipimo cha floraidi mkononi hana. Mwishoni anakuja daktari wa meno, amesoma miaka mitano, na anakuja mtoto akiwa na miaka kumi na tano, msichana anayeziba mdomo kwa kiganja kila akicheka. Anaweza kumsaidia, kung'arisha, kuziba, kufunika. Lakini gharama yake, we mwenyewe unaijua.

Kila mmoja wao ni msomi wa kweli na simdharau yeyote. Tatizo ni kwamba ndoo ni moja, na hakuna hata shahada moja kati ya hizo inayoibeba kutoka mlimani hadi mdomoni. Kila programu inaishia mahali fulani njiani, inaamini kwamba kuna mwingine amesimama pale kuipokea.

Mfano unaoniuma zaidi ni wa mifupa. Kichujio cha mifupa kimefanyiwa kazi miaka mingi hapahapa Ngurdoto, kwenye kituo cha utafiti wa kuondoa floraidi kilicho chini ya Wizara ya Maji. Mifupa ya ng'ombe inachomwa kwa moto unaodhibitiwa na hewa kidogo hadi inakuwa nyeusi, inasagwa, maji yanapitishwa humo. Moto ukiwa mdogo, maji yanatoka na rangi na harufu. Ukizidi, mfupa unakuwa mweupe mzuri wa kupendeza, lakini nguvu yake ya kunasa imeshuka. Kinachofanya kazi pale ni madini ya hidroksiapataiti. Sasa hayohayo ndiyo madini ya mfupa wako ulio hai na ya jino lako. Floraidi inayapenda. Ndiyo maana ikiingia mwilini kwa miaka mingi inakwenda kukaa kwenye mifupa, mgongo unakakamaa, viungo vinauma. Yaani ugonjwa na dawa vinatokana na kupenda kulekule kwa floraidi kwa madini yaleyale. Niliufahamu upande wa kichujio darasani. Upande wa mfupa hai nimeujua miaka minne baadaye, kwa kusoma mwenyewe usiku, tena kwa sababu nilikuwa natafuta kitu kingine.

Utaniambia, basi ndivyo elimu ya juu ilivyo, mtu anabobea. Nakubali. Sitaki daktari wa meno anayejuajua kidogo kila kitu anichimbie jino. Ubobezi sina ugomvi nao. Ugomvi wangu ni na umri tunaoanzia kutenganishwa, na hapa ndugu msomaji ukiwa kidato cha nne au una mdogo wako kidato cha nne, sikiliza vizuri.

Tunatenganishwa kwenye tahasusi. Anayetaka udaktari wa meno, au udaktari wa binadamu, lazima awe na Fizikia, Kemia na Baiolojia, PCB. Jiografia anaiaga kidato cha nne, na pamoja nayo anaaga volkano, miamba na maji ya chini ya ardhi, moja kwa moja hadi anazeeka. Anayekwenda jiolojia kwa njia ya PCM au PGM anaaga baiolojia siku hiyohiyo. Sasa angalia tahasusi inayobaki, CBG. Kemia, Baiolojia, Jiografia. Ukiisoma taratibu utaona ndiyo ndoo ya yule mama: kuna mwamba, kuna myeyusho, kuna mwili. Ndiyo tahasusi pekee kati ya zile za sayansi za zamani inayoweka vitatu hivyo mezani kwa pamoja, na ndiyo tunayoidharau. Shuleni kwetu waliokwenda CBG walihesabiwa kwamba wamekosa PCB. Na udaktari wa meno imefungiwa mlango. Mwaka 2024 serikali iliongeza tahasusi mpya nyingi, jambo jema, lakini mlango wa udaktari bado unafunguliwa na herufi zilezile tatu.

Hoja ya kuweka Fizikia naielewa. Daktari anahitaji kuelewa mionzi, shinikizo la damu, vifaa. Ninachouliza ni kwa nini programu ya miaka mitano isipate nafasi ya muhula mmoja wa maji na miamba ya nchi hii, katika nchi ambayo bonde la ufa linapita katikati na floraidi ni ya Arusha, Kilimanjaro, Manyara, Singida, Shinyanga. Ugonjwa wa meno wa mikoa yote hiyo unaanzia kwenye jiolojia. Mwanafunzi anaukuta kama picha ya rangi kwenye kitabu, na chini ya picha kuna jedwali la madaraja ya ukali wa madoa. Anakariri madaraja. Kwenye mtihani anaulizwa madaraja.

Kuna kisa cha Marekani ninachokipenda kwa sababu kinaonesha gharama ya kukaa mbalimbali. Mwaka 1901 daktari wa meno kijana, Frederick McKay, alifungua kliniki Colorado Springs akakuta wenyeji wana madoa ya kahawia kwenye meno. Hakuna aliyejua sababu. McKay alikuwa makini, alipima, alisafiri, alimvuta mpaka G. V. Black, mkubwa wa taaluma yao enzi hizo. Wakahisi ni maji. Wakapima maji kwa vipimo vya kawaida, hawakuona kitu. Ikapita miaka thelathini. Thelathini! Jibu lilikuja mwaka 1931 kutoka kwa mkemia, H. V. Churchill, aliyekuwa akifanya kazi kampuni ya alumini ya ALCOA. Kampuni ilikuwa na hofu kwamba alumini ingesingiziwa madoa ya watoto wa mji wa Bauxite, Arkansas, ambako ilikuwa na machimbo. Churchill akayapima maji kwa njia ambayo madaktari wa meno hawakuwa nayo, akakuta floraidi. Akamwandikia McKay amtumie maji ya Colorado Springs. Ikawa ni hiyo.

Hesabu watoto waliozaliwa Colorado Springs kati ya 1901 na 1931. McKay hakuwa mjinga na Churchill hakuwa malaika. Walichokosa kwa miaka thelathini ni sababu ya kuwa chumba kimoja. Na hata walipokutana, kilichowakutanisha ni hofu ya kampuni kuharibiwa jina, wala siyo chuo kikuu. Naona aibu kidogo kuiandika hiyo sentensi kwenye blogu ya wanafunzi wa vyuo vikuu, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Sisi huku hatuna kisingizio cha McKay, sababu tunaijua tangu zamani. Na si kwamba hakuna aliyejaribu kuunganisha. Tengeru, kilomita chache kutoka hapa, kuna Taasisi ya Afrika ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela, iliyoanza kupokea wanafunzi 2011 kwa ajili ya uzamili na uzamivu. Pale maji, mazingira, nishati na sayansi ya vifaa viko shule moja, na ni mpango mzuri kuliko mingi. Dkt. Askwar Hilonga wa taasisi hiyo alishinda mwaka 2015 tuzo ya ubunifu wa uhandisi Afrika inayotolewa na Royal Academy of Engineering ya Uingereza, kwa kichujio kinachounganisha mchanga na chembe za nano, ambacho kinarekebishwa kulingana na uchafu wa mahali husika. Hilo la mwisho ndilo la maana kwangu: yeye alianza na maji ya mahali, nyenzo ikafuata. Kukawa pia na mradi wa FLOWERED chini ya Horizon 2020 ya Umoja wa Ulaya, ukiongozwa na Chuo Kikuu cha Cagliari cha Italia, uliotazama floraidi ya bonde la ufa kwenye maji, mazao na mifugo kwa pamoja. Ona lakini: muunganiko huo uliletwa na fedha za mradi, na miradi ina tarehe ya kuisha. Shahada zipo kila mwaka. Kama kukaa pamoja kwa mwanajiolojia na daktari kunategemea fedha za Brussels, basi mtaala wenyewe umeshindwa.

Halafu angalia ngazi. Muunganiko unaanzia uzamili. Wanaofika huko ni wachache. Maelfu wanaomaliza shahada ya kwanza, wanaokwenda kuwa maafisa afya, walimu wa kemia, mafundi sanifu na wakaguzi wa mazingira kwenye halmashauri, hao wanaondoka na kipande kimoja kimoja.

Nitagusa mabomba, maana kuna atakayeniambia tatizo limekwisha. Jiji limepata mradi mkubwa wa maji wa shilingi bilioni 520, kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, uliolenga kutoa uzalishaji kwenye lita milioni 40 kwa siku hadi milioni 200. Ni kazi kubwa na imebadilisha maisha ya watu, mimi mmojawapo. Ukiwa na maji mengi mazuri unaweza hata kuchanganya. Ndoo mbili zenye miligramu 4 ukizichanganya na ndoo tano zenye 0.5 unapata ndoo saba zenye 1.5, hesabu ya darasa la sita. Lakini kisima cha uani hakijafukiwa. Bili ikipanda, au bomba likikauka siku tatu, watu wanarudi kisimani, na wapangaji hawaulizi maji yametoka wapi. Mhandisi amemaliza kazi yake vizuri. Kazi iliyobaki ni ya kuzungumza na watu, na hiyo haina programu.

Na kuna magadi. Hili ndilo lililonifanya niandike.

Mwaka 1992 Mabelya na wenzake walichapisha utafiti uliohusisha madoa ya meno na magadi tunayotia kwenye makande na maharage yaive haraka, hata kwenye maeneo ambayo maji yenyewe hayakuwa na floraidi nyingi. Magadi yanakotoka ni kwenye ziwa au ardhini, kwa asili ileile ya volkano, na kiasi cha floraidi ndani yake kinatofautiana mno kati ya fungu na fungu. Sasa niambie magadi ni ya nani. Mwanajiolojia anayajua kama madini ya trona. Wa lishe anajua maharage. Wa kemia anaweza kupima ila hakuna aliyemletea. Daktari wa meno aliandika utafiti. Wanaoyatumia kila siku ni kina mama na hakuna shahada iliyowahi kuwahesabu kama sehemu ya somo. Kwenye tasnifu yangu ya kurasa sitini neno magadi halimo. Sikupima, kwa sababu mada iliandikwa "maji".

Labda unajiuliza kama nalilia kozi mpya yenye jina refu. Hapana, tafadhali. Tunazo za kutosha zenye maneno matano, na kila mwaka kwenye mwongozo wa udahili wa TCU naona nyingine imeongezeka na neno "menejimenti" mwishoni. Ninachotaka ni kidogo na kinawezekana kesho. Mwaka wa mwisho wa shahada ya kwanza kila mtu anafanya utafiti. Waweke mwanafunzi wa jiolojia, wa kemia na wa afya kwenye kata moja, ndoo moja, wasaidiane sampuli, kila mtu aandike sura yake. Kama vyuo viko mbalimbali, wapo fildi miezi ileile mara nyingi, wanapanda daladala zilezile. Na alama kumi kati ya mia zitolewe kwa karatasi moja ya Kiswahili inayorudishwa kwa aliyetoa sampuli, yenye sahihi yake kwamba ameielewa. Ukijua kuna alama kumi hapo, na sapu inakunyemelea, utarudi. Mimi ningerudi.

Hiyo karatasi si kazi rahisi, usiidharau. Jaribu kumwambia mtu kwa Kiswahili "ukolezi wa floraidi unazidi kikomo" uone uso wake. Nimesoma sayansi kwa Kiingereza tangu kidato cha kwanza na nilikuwa naamini naielewa. Siku nilipokaa kuiandika kwa lugha yangu niligundua nusu ya niliyoyajua yalikuwa ni maneno tu. Sikuwa nimewahi kujiuliza, kwa mfano, kwa nini jino la mtoto na siyo la mama. Ilinichukua wiki mbili kuandika nusu ukurasa.

Wewe unayechagua kozi mwaka huu, kabla hujajaza maombi, usiishie kuuliza mkopo upo au ajira ipo, ingawa najua ndiyo maswali ya kwanza na ni ya haki. Mtafute mtu wa mwaka wa tatu wa kozi hiyo umuulize: mmewahi kwenda mtaani kupima kitu, na aliyewapa sampuli alipata jibu? Akicheka, umepata jibu la swali lako. Na kama una CBG mkononi, usimwombe mtu radhi kwa kuwa nayo.

Kuna hesabu moja sikuifanya kwa wakati wake. Shahada ni miaka mitatu, minne, mitano. Jino la mbele la mtoto ni miaka minne mitano. Yaani mwanafunzi anayeanza mwaka wa kwanza siku ambayo mtoto anazaliwa, anavaa joho karibu na siku ambayo enameli ya mtoto inamaliza kujengwa. Majibu yangu yalikuwa tayari mjukuu wa mama akiwa hajafika miaka miwili. Yalikuwa juu ya 1.5. Ungetosha ujumbe wa simu: mpikieni uji kwa maji ya bomba au ya mvua, ya kisima fulieni.

Nilikwenda mwezi uliopita. Nyumba ni ileile, vyumba vimeongezeka viwili. Mama alinikumbuka kwa chupa zangu, siyo kwa jina. Nikampa ile nusu karatasi, akaisoma yote taratibu, na alipofika kwenye mstari wa umri akasimama, akamwita mtoto aliyekuwa anacheza nje. Yuko darasa la kwanza. Meno mawili ya juu ya mbele ndiyo yametoka, yana weupe wa chaki na mistari. Rangi bado haijaingia. Mama hakunigombeza, na ningependelea angenigombeza. Akaniuliza kama mdogo wake, aliye tumboni kwa mama yake sasa hivi, naye itakuwa hivyo. Nikamwambia siyo lazima, tukahesabu pamoja madumu mangapi ya maji ya bomba yanatosha uji na chai ya mtoto mmoja kwa wiki. Si mengi.

Halafu akauliza kuhusu magadi. Nikamwambia ukweli, kwamba sijapima ya kwake. Akaingia jikoni akaniletea kijiko kimoja kilichofungwa kwenye kipande cha gazeti. Kiko kwenye droo maabara, foleni ya mashine ni hadi wiki ijayo. Kwenye lebo, pale tunapoandika namba ya sampuli, nimeandika namba yake ya simu.